Mhariri aliposema makala yangu imeandikwa na mashine

Makala yangu imekubaliwa. Nalitangaza hilo mapema kwa sababu kuna mhariri mmoja ningependa alisome.

Makala hiyohiyo, data zilezile, hoja zilezile, ilirudishwa na jarida jingine bila hata kufika kwa wahakiki, wale wataalamu wanaoupima mswada kabla haujachapishwa. Barua ilikuwa ya aya moja: programu yetu imeonyesha kwamba sehemu kubwa ya mswada wako imezalishwa na akili mnemba (AI), nasi hatupokei kazi za namna hiyo, asante kwa kutufikiria. Hakuna swali nililoulizwa, wala sentensi hata moja niliyoonyeshwa ikawa ndiyo yenye kasoro. Nikaandika kuomba maelezo. Hadi leo sijajibiwa.

Niliitumia akili mnemba, sikatai. Kiingereza kwangu ni lugha ya tatu, na nilipomaliza kuandika niliiomba programu inionyeshe sentensi ndefu mno na makosa ya sarufi katika utangulizi na mjadala. Nilichokubali nilikubali, nilichokataa nilikataa, na yote nikayataja kwenye shukrani, kama masharti ya jarida lenyewe yalivyoruhusu. Nilidhani ukweli utanilinda. Nadhani ndio ulioniponza.

Baada ya hasira kupoa kidogo (kidogo tu), nilianza kusoma kuhusu programu hizo za kunusa maandishi ya mashine. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu saba kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilihukumiwa kuwa kazi ya mashine, ilhali insha za wanafunzi wa Marekani zilipita karibu zote. Sababu si uchawi. Programu nyingi za aina hiyo hupima jinsi neno linalofuata linavyotabirika, na mtu anayeandika kwa lugha ya kujifunza hutumia maneno ya kawaida, yale aliyo na uhakika nayo. Kwa hiyo anatabirika. OpenAI nao walikuwa na chombo chao cha kugundua maandishi ya mashine. Julai 2023 walikifunga kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha. Watengenezaji wenyewe wa ChatGPT! Lakini mhariri wangu alikuwa na uhakika.

Niwe mwadilifu, ingawa sijisikii. Wahariri wana sababu ya kuogopa. Februari 2024 jarida moja la kampuni ya uchapishaji ya Frontiers lilichapisha makala yenye mchoro wa panya mwenye sehemu za siri kubwa kuliko mwili wake, na pembeni maneno yasiyo ya lugha yoyote duniani. Makala ilifutwa siku chache baadaye. Watu wengi waliicheka bila kujua kwamba waandishi walikuwa wametamka wazi kuwa michoro ilitengenezwa na Midjourney, programu ya akili mnemba ya kuchora. Tamko lilikuwepo, aliyekosekana ni mtu wa kuuzuia mchoro. Mwezi uliofuata ikaonekana makala katika jarida la Elsevier, mchapishaji mwingine mkubwa, ambayo utangulizi wake ulianza na jibu la roboti kwa Kiingereza, kwa maana ya "bila shaka, huu hapa utangulizi unaoweza kufaa mada yako". Sentensi hiyo ilipita mbele ya waandishi, wahakiki, mhariri na wasahihishaji. Hiyo nayo ikafutwa baadaye. Siamini kwamba watu wote hao walidanganywa na mashine. Nadhani hawakusoma.

Basi wewe unayetaka jina lako lionekane kwenye majarida, na najua unataka, nikuambie ninavyofanya sasa.

Usiiandike akili mnemba kama mwandishi. Hili lilikwisha amuliwa mwanzoni mwa 2023: jarida la Nature lilikataa Januari, kamati ya maadili ya uchapishaji iitwayo COPE ikakataa Februari, na kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba ikaliweka kwenye mapendekezo yake Mei. Mwandishi ni mtu anayeweza kuulizwa akajibu. Mashine haiwezi kutia saini ya hakimiliki wala kutamka mgongano wa maslahi. Kuhusu matumizi yenyewe, masharti hutofautiana na hubadilika. Jarida la Science walianza kwa kupiga marufuku kabisa maandishi ya mashine, kisha Novemba 2023 wakalegeza na kudai yatajwe. Kwa hiyo soma masharti ya jarida siku ileile unayowasilisha, na uhifadhi nakala yake. Tafadhali hifadhi nakala.

Hifadhi pia rasimu zako zote, na ulichoiuliza programu na ilichokujibu. Mimi kila siku nahifadhi faili jipya lenye tarehe. Inachosha, lakini siku ya kushutumiwa utakuwa na kitu cha kuweka mezani.

Na tamko liwe na nyama. "Tumetumia akili mnemba kuboresha lugha" halimwambii mtu kitu. Langu lilitaja jina la programu na toleo, sehemu za makala ilizogusa, kwamba haikugusa data, matokeo wala marejeo, na kwamba kila sentensi iliyobadilishwa niliisoma mwenyewe na ninaibeba. Kama msaada ulikuwa wa uandishi tu, kamati ile ya majarida ya tiba inataka utajwe kwenye shukrani. Kama ulihusu uchambuzi wa data au kutengeneza michoro, uelezwe kwenye sehemu ya mbinu.

Marejeo ndiyo yanayoniogopesha kuliko yote. Programu hizi hutunga rejeo zuri ajabu: jina la mtafiti wa kweli, jarida la kweli, mwaka unaokubalika, na makala ambayo haijawahi kuandikwa. Ukiifuata namba ya DOI, ile inayoitambulisha makala mtandaoni, unaangukia kwenye utafiti wa jambo jingine kabisa, au huangukii popote. Njia ya mwongo ni fupi, ila ya rejeo la uongo inaweza kufika hadi uchapishaji. Kuthibitisha kwamba makala ipo hakutoshi. Ifungue, uisome, uone kama kweli inasema unachodai inasema. Mhariri wa jarida lililonikubali aliniuliza swali moja tu kuhusu tamko langu: marejeo uliyahakikije? Nikamtumia jedwali, kila rejeo na ukurasa nilioutumia. Mswada ukaenda kwa wahakiki. Hivyo ndivyo mtu mwenye adabu ya kazi anavyouliza.

Vijana, kuna jambo mnalifanya kimyakimya na mnajua mnalifanya. Ukitumiwa mswada wa mtu uuhakiki, usiuingize kwenye roboti ya mtandaoni ili ikuandikie maoni. Kazi hiyo si yako, ni siri uliyokabidhiwa. Taasisi ya afya ya Marekani, NIH, iliwakataza wahakiki wake kufanya hivyo kwenye maombi ya ruzuku tangu Juni 2023. Kama huna muda wa kusoma, kataa mwaliko. Huwezi kulalamika kwamba umehukumiwa na programu, kisha jioni ukamhukumu mwenzako kwa programu.

La mwisho ni waandishi wenza. Mnasaini pamoja, kwa hiyo ulizaneni kabla ya kuwasilisha. Nilipomuuliza mwenzangu mmoja alinuna, akasema namfanya mwizi. Siku mbili baadaye akanipigia: ikisiri, yaani muhtasari wa makala, ya lugha ya pili aliitafsiri kwa programu, akaona si jambo la kutajwa. Tukaisoma upya pamoja, tukarekebisha istilahi mbili zilizokuwa zimepotoka, tukaongeza mstari mmoja kwenye tamko, tukabonyeza wasilisha.