Maswali Yenu: Plastiki Sokoni, Jikoni na Ufukweni

Salaam wahariri. Nauza dagaa wakavu Kibirizi. Wateja huja mikono mitupu, nami huwafungia kwenye vile vimifuko vyepesi vinavyoonyesha ndani. Jirani anasema navunja sheria, mbona vinauzwa madukani waziwazi? – Mama muuza dagaa, Kigoma

Mama, jirani yako amesema kweli. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ni marufuku Tanzania Bara, iwe minene au myembamba. Kilichoachwa ni vifungashio vya kazi maalumu, kama vya dawa, kilimo na usindikaji wa chakula. Kimfuko hicho kina kazi yake halali dukani, lakini ukishambebeshea mteja dagaa, umekigeuza kuwa mfuko uliokatazwa. Faini ya kukutwa ukiutumia huanzia shilingi 30,000.

Tena nailoni inakuharibia mali. Dagaa wasiokauka sawasawa wakifungwa humo kisha wakapigwa na jua, unyevu hutoka ukakosa pa kwenda, hugeuka matone, na ukungu huanzia hapo. Mfuko wa kaki hupitisha hewa. Unafaa kwa robo na nusu kilo. Mzigo ukizidi kilo moja hupasuka kitako, hapo kinahitajika kikapu au mfuko mbadala. Mfuko mbadala nao ni plastiki, ndiyo maana kanuni inataka uwe na uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba, udumu. Uuze kwa bei yake peke yake, usiufiche ndani ya bei ya dagaa. Mteja aliyeulipia atakumbuka kurudi nao.

Viroba vya kusafirishia mzigo vihifadhi kivulini. Vikiachwa juani miezi kadhaa nyuzi hukatika zenyewe, na vile vipande vidogo hakuna anayeweza kuviokota tena.

Habari za kazi. Kikundi chetu cha vijana kinaokota chupa ufukweni Katonga. Mnunuzi alikataa sehemu kubwa ya mzigo na iliyobaki akaishusha bei. Tunakosea wapi? – Kijana wa Katonga

Kwanza, hongereni. Chupa ya maji ikipoteza kifuniko hujaa maji na kuzama, na Ziwa Tanganyika lina kina cha hadi mita 1,470. Ikishazama hakuna wa kuifuata.

Kosa la kawaida ni kuchanganya. Tazama namba iliyo ndani ya alama ya pembetatu kwenye kitako. Chupa za maji na soda ni namba 1. Madumu na chupa za sabuni mara nyingi ni namba 2, na vifuniko ni namba 2 au 5. Namba 3, yaani PVC, plastiki ya mabomba ya maji, ndiyo adui mkubwa wa mzigo wenu: kwenye joto la kuyeyushia namba 1, yenyewe huungua na kuchafua rangi ya tangi zima. Mnunuzi akiona vipande vichache tu, anaogopa gunia lote.

Alama ikiwa imefutika, kata kipande kidogo, kitie kwenye ndoo ya maji yenye tone la sabuni, kisha kizamishe kwa kidole ili mapovu yatoke. Namba 2, 4 na 5 zitaibuka. Namba 1 na 3 zitabaki chini. Jaribio hili halitenganishi 1 na 3, kwa hiyo kinachozama bila alama na hakina umbo la chupa ya maji au soda, kiwekeni kando.

Kisha fungua kifuniko, chana lebo, mwaga mchanga, suuza, anika mpaka ndani kukauke, ndipo ukanyage chupa ilale bapa. Msiruke hatua ya kukausha: maji yaliyobaki hupunguza bei kwa sababu mnunuzi hatalipia maji. Iliyowekwa mafuta ya taa au mawese itengwe. Harufu na mafuta havitoki kwa kusuuza.

Kuhusu bei, tazameni ujazo. Chupa tupu ya nusu lita ina takriban gramu 10 hadi 20, yaani kilo moja ni chupa 50 hadi 100. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na chupa zisizokanyagwa zinasafirisha hewa. Kusanyeni mzigo mkubwa uliofungwa vizuri kabla ya kumwita mnunuzi.

Kuchoma plastiki si afadhali kuliko kuiacha iende ziwani? Nyumbani tunawashia jiko kwa vipande vya rambo. – Baba wa Ujiji

Hapana, baba. Moshi huo unaingia kwenye mapafu ya anayepika na kwenye chakula; plastiki namba 3 ikiungua huweza kutoa dayoksini, sumu inayodumu mwilini kwa miaka. Washeni kwa nyuzi za chikichi zilizokwisha kukamuliwa mafuta. Zikikauka hushika moto haraka, na hapa Kigoma zipo tele.

Taka za nyumbani zitengwe ndoo mbili. Maganda ya mihogo na ndizi ndiyo yanayoichafua plastiki isiuzike. Yaende shambani yaoze.

Nauza mawese kwenye chupa za maji zilizotumika, nyingine hujikunja. Je, madumu ya dawa za shamba yakioshwa sana yanafaa? – Muuza mawese, Kigoma

Chupa za namba 1 hulegea kuanzia nyuzi joto 70 hivi. Subiri mafuta yapoe hadi uweze kushika sufuria kwa mkono mtupu, na usioshe chupa kwa maji ya moto. Kwa mauzo ya jumla, dumu la lita 20 lililokuwa la mafuta ya kula litakufaa miaka, na mteja aje na chombo chake.

Dumu la dawa ya shamba usilitumie kamwe, hata likioshwa mara kumi. Sumu imenywewa na plastiki yenyewe, na mafuta huivuta itoke. Mwenye shamba alisuuze mara 3, kila mara maji ayamimine kwenye bomba la kunyunyizia dawa, kisha alitoboe kitako asije mtu akalichotea maji.