Msimu wa machungwa: mnauliza, tunajibu

Swali: Machungwa ya Muheza yamejaa sokoni, lakini mengi ni ya kijani. Nikiyavundika yataiva?

Jibu: Hayataiva. Ndizi na embe huendelea kuiva baada ya kuvunwa. Chungwa, chenza na ndimu huishia pale yalipochumwa. Ukilivundika chungwa chachu litanyauka tu na uchachu wake. Lakini ndugu yangu, usilikatae kwa sababu ya rangi! Ganda hugeuka manjano pale usiku unapokuwa wa baridi, na nyanda za chini za Tanga zina joto hata usiku, kwa hiyo chungwa huiva barabara likiwa bado kijani. Shika mawili yanayolingana ukubwa, uchukue lililo zito, maana uzito ni maji. Ganda liwe laini na limekaza. Lile nene lenye mabonde mara nyingi huficha nyama kavu. Kisha mwombe muuzaji akukatie moja uonje. Msimu ukikolea, wengi hawakatai.

Swali: Ganda la chenza likipwaya, limeharibika?

Jibu: La, ndivyo lilivyo. Ogopa lililopwaya na jepesi pia.

Swali: Chungwa lina kitundu kidogo. Nilinunue?

Jibu: Bonyeza pembeni yake. Pakibonyea na kuwa pa kahawia, huenda nzi wa matunda ametaga humo na ndani mna funza. Kovu kavu lisilobonyea ni la ganda tu, kula bila wasiwasi. Wenye michungwa nyumbani, nawasihi msiache yaliyooza chini ya mti. Yafungeni kwenye mfuko wa plastiki na kuuanika juani mpaka funza wafe, la sivyo watageuka nzi na kurudi kwenye matunda yenu.

Swali: Mama anatumia dawa ya presha na anapenda sana balungi. Kuna ubaya?

Jibu: Aache balungi kwanza, amwulize daktari au mfamasia akiitaja dawa kwa jina. Balungi huzuia kimeng'enya cha utumboni kinachovunja baadhi ya dawa, kama nifedipini ya presha na simvastatini ya kolesteroli, dawa ikazidi mwilini. Kula balungi asubuhi na kumeza dawa usiku hakusaidii, kwani athari hiyo huweza kupita siku nzima. Danzi nalo lina tabia hiyo. Machungwa matamu ya kawaida hayana, hivyo mnunulieni hayo.