Kabla ya Kununua Gari la Kuvutia Trela, Uliza Litasimamaje

Nakodisha mashine za ujenzi hapa Malindi: mashine za zege, jenereta, kompresa za kuvunjia mawe na tangi moja la maji la magurudumu. Hizi si vitu vya kupandisha garini kwa nguvu za vibarua wanne. Hukokotwa. Basi vijana wanaoianza kazi hii hunijia, na swali lao ni moja tu: "Kaka, pikapu hii ina nguvu?"

Nguvu ipo. Siku hizi karibu kila pikapu ya dizeli yenye turbo itaiondoa trela ya tani mbili pale ilipo bila kunung'unika. Tena mji wetu ni bapa kama sinia. Ukilijaribu gari kutoka Casuarina hadi Barani, hata tuktuk itakuonyesha ubingwa. Ndiyo maana wengi hununua gari wakiwa na furaha, wakaja kujua walichonunua siku ya kwanza wanapoteremka na mzigo.

Mimi nilijua kwenye mteremko wa kuingia daraja la Sabaki.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili kazini. Nilikuwa na pikapu ya mtumba, milango minne, safi, inang'aa. Nyuma yake trela niliyochomelewa na fundi wa mtaani, isiyo na breki hata ya dawa. Tulikuwa tunapeleka jenereta na vifaa kwenye mjengo ng'ambo ya Mambrui. Jenereta niliiweka mwisho kabisa wa trela, kwa sababu huko ndiko ilikokuwa rahisi kuishusha. Kwenye tambarare mambo yalikuwa matamu. Tulipoanza kuteremka, nilihisi nyuma ya gari inavutwa kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena, kila mara kwa nguvu zaidi. Nikafanya kile ambacho mguu wa kila mtu hufanya: nikakanyaga breki. Pikapu ikataka kusimama, trela haikutaka. Ikanisukuma kama mtu anayekusukuma mlangoni akiwa na haraka kuliko wewe. Tulisimama tumekingama njia nzima, pua inatazama mto. Utingo wangu alishuka, akakaa kwenye changarawe, akaomba maji. Alipokwisha kunywa akapungia matatu mkono, akarudi mjini. Hakunidai hata ujira wa siku ile.

Kesho yake nilikwenda kwa mjomba wangu, ambaye ameendesha malori ya Garissa na Lamu tangu njia ikiwa matope matupu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nasikia jana mlicheza chakacha na trela."

"Breki zilinishinda, mjomba."

"Breki baadaye. Ulimi uliupima?"

Sikujua kama trela ina ulimi. Ulimi ni ule mkono wa mbele unaoshikana na gari. Mjomba alinipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, mwenye mizani ya bapa ya kupimia mabetri na injini kuukuu. Tukaisogeza trela na mzigo wake vilevile ulivyokuwa, tukaufungua ulimi, tukaulaza juu ya mizani. Kilo 80. Trela nzima ilikuwa kama tani 2.2. Mjomba akasonya. Akaniambia tuisogeze jenereta mbele dhiraa moja tu. Tukapima tena: kilo 210.

"Hapo," akasema. "Sehemu moja ya kumi ya mzigo ikae shingoni mwa gari. Ikipungua sana, mkia ndio unaoendesha."

Jenereta ileile, trela ileile, gari lilelile, na tofauti ni dhiraa moja. Ukitoka na jambo moja kwenye maneno yangu yote, naomba liwe hilo la mizani, kwa sababu halina gharama zaidi ya soda ya mwenye duka.

Sasa uone linavyoingia kwenye kuchagua gari. Zile kilo 210 hazielei hewani. Zimelala kwenye mkia wa pikapu, na zinahesabiwa kama mzigo wa bodi. Pikapu iliyoandikwa inabeba tani moja, ukitoa ulimi, watu watano wa ndani, sanduku la spana, jerikeni za dizeli na mifuko 10 ya saruji ya kilo 50, huna tena nafasi hata ya chapati. Na hapo bado hujaanza kuvuta.

Kisha kuna ile namba ya kwenye kijitabu. Pikapu nyingi za kisasa, Isuzu D-Max na Toyota Hilux zikiwamo, zina matoleo yaliyoandikwa kwamba yanaweza kuvuta kilo 3,500. Muuzaji atakusomea hiyo kwa sauti ya adhana. Hatakusomea mstari wa chini yake: hizo 3,500 ni kwa trela yenye breki zake yenyewe. Isiyo na breki, namba ya kawaida ni kilo 750. Tazama trela zinazozunguka mjini hapa uniambie ngapi zina breki.

Halafu kuna namba ya tatu, ambayo ndiyo bwana wa zote: uzito wa gari na trela kwa pamoja, pamoja na kila kilichomo. Chukulia kitabu kinasema viwili hivyo visizidi tani 6. Gari tupu ni tani 2. Ukijaza bodi tani moja, umebakiwa na tani 3 za trela, si tatu na nusu. Na chuma cha trela yenyewe ni nusu tani, kwa hiyo mzigo halisi ni tani mbili na nusu. Namba zinakula namba. Mimi hukaa na kalamu kabla ya kukaa na muuzaji.

Na jihadhari na mizigo inayodanganya macho. Maji hayana siri: lita 1,000 ni tani moja, tangi la lita 3,000 ni tani 3 na bado hujahesabu tangi. Tena tangi la nusu ni baya kuliko lililojaa, kwa sababu maji hukimbia mbele ukifunga breki na hurudi nyuma ukiachia. Kama tangi halina mbao za ndani za kuyakata maji, lijaze au liache tupu. Mchanga ndio mnafiki mkubwa. Mchanga mkavu na mchanga uliotoka kunyeshewa vinakaa kwenye bodi kwa kimo kilekile, lakini wa mvua utakuongezea mamia ya kilo.

Haya, gari gani basi?

Kama trela zako hazipiti tani moja na nusu, mathalani mashine ndogo ya zege au kompresa, pikapu ya tani moja inatosha, mradi trela iwe na breki. Chagua yenye springi za majani nyuma, zile za vyuma vilivyopangwa. Zilizo na springi za mzunguko nyuma ni laini kwa abiria lakini hukaa kitako mara tu ulimi unapowekwa, na taa za mbele huanza kumulika minazi.

Hapa kuna ugonjwa wetu: gari likikaa kitako, tunakwenda kuongezewa jani la springi. Jani huinua mkia, kweli. Lakini halikuongezi breki, halikuongezi ekseli, na chasisi, ule uti wa mgongo wa gari, ni ileile. Nimeona pikapu zilizopinda nyuma ya kabini kama samaki aliyekaushwa, na springi zake ni nzima, zinapendeza. Jani la ziada ni kama kumvisha mgonjwa kanzu ya Idi.

Land Cruiser ya pikapu, ile ya mfululizo wa 70, ni gari ambalo watu wa mashamba na wa kuelekea Sala, kule lango la mbuga ya Tsavo, hawataki kusikia likisemwa vibaya. Nawaunga mkono, kwa sababu ambayo si ile wanayodhani. Injini yake ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita bila turbo, haina miujiza: nguvu zake za farasi hazifiki 140, na kwa kukokota, injini ya lita 3 ya D-Max inaishinda kwenye karatasi. Uzuri wake ni mwili. Chasisi nene, ekseli nene, gari zito. Trela ya tani mbili haiwezi kulichezesha kirahisi, na ikifika mchangani unatia gea ya chini na kutoka polepole kama kobe. Tatizo ni bei. Iliyotumika miaka 15 bado inauzwa kana kwamba mwenyewe anaozesha binti.

Kama kazi yako ni ya kila siku na trela ni tani mbili na nusu kwenda juu, acha pikapu. Nenda kwenye lori dogo, Canter au Isuzu za NKR na NPR. Watu huzidharau kwa sababu ni magari ya kubebea nyanya. Lakini zina breki zilizotengenezwa kusimamisha tani nyingi, magurudumu mawili mawili nyuma, na nyingi zina breki ya moshi, ile inayoziba ekzosi ili injini yenyewe ishike gari kwenye mteremko. Siku ya kwanza nilipoteremka Sabaki na breki ya moshi, mguu wangu haukugusa pedeli mpaka darajani. Na spea? Hata usiku wa manane utapata mtu wa kukufungulia duka.

Kasoro zake ni mbili. Nyingi hazivuti kwa magurudumu yote, kwa hiyo ufukweni zinazama kama nanga. Na mkia nyuma ya ekseli ukiwa mrefu, ulimi hulitikisa gari zaidi. Chagua fupi, au mwambie fundi aufupishe mkia wa bodi na kukisogeza kiungo cha kuvutia karibu na ekseli. Kiungo chenyewe kifungwe kwa bolti kwenye chasisi, si kuchomelewa kwenye bampa. Nimekwisha kuona bampa likiondoka na trela, gari likabaki.

Wenye boti za kupandisha pwani hukasirika nikisema hivi, lakini msinunue gari moja kwa kazi mbili. Kodisha trekta itoe boti majini hadi kwenye lami, hapo lori lipokee. Na kama trela yako inaingia baharini, subiri beringi zipoe kwanza. Beringi yenye moto ikizamishwa kwenye maji baridi huyavuta ndani kupitia sili, ile raba ya kuziba, na maji yetu ni chumvi. Ukirudi nyumbani mwagia maji yasiyo na chumvi, tia grisi. Wavivu wa grisi huwaona wamekaa kando ya njia Gede, gurudumu moja likiwa kichakani.

Gea nitaipitia haraka. Ya mkono au otomatiki zote zinavuta. Ya mkono huua klachi, otomatiki huua mafuta yake kwa joto, kwa hiyo iwe na rejeta yake ndogo ya kupozea mafuta ya gea, na usivute ukiwa kwenye gea ya juu kabisa. Gari likianza kupanda na kushuka gea lenyewe kila dakika, linakulilia.

Siku ya kununua, nenda na trela yako yenye mzigo. Muuzaji akikataa, umeokoa pesa. Akikubali, usikimbie naye barabara ya Mombasa iliyonyooka. Tafuta mteremko, nenda kilomita 40 kwa saa, funga breki taratibu, kisha kwa nguvu. Simama katikati ya mlima uondoke tena. Ukirudi, gusa rimu zote kwa mkono: ya moto kuliko wenzake ina neno la kukuambia. Kisha lala chini ya gari uangalie chasisi nyuma ya kabini, kutafuta rangi mpya penye chuma cha zamani. Mjomba wangu husema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na kila anayenionyesha video ya pikapu ikivuta lori, mimi humjibu kwa methali hiyo.

Makaratasi usiyasahau. Trela husajiliwa peke yake na namba zake huanza na Z. Ukihamia kwenye lori zito lenye trela, leseni ya gari dogo haikutoshi, unahitaji daraja la CE. Bima nayo uiulize kwa maandishi kama inashughulikia trela iliyofungwa nyuma, maana wengi hudhani, na kudhani hakulipi fundi.

Leo natumia NPR ya mtumba. Niliponunua, fundi alitaka kunitengenezea trela mpya kwa ekseli ya gari dogo, bei nafuu. Nilikataa, nikatafuta ekseli ya nyuma ya NPR iliyokufa, na breki zake zikiwamo. Kwa hiyo tairi za trela na za lori ni saizi moja, nati sita kila rimu. Mwaka jana ya trela ilipasuka mbele ya Garsen, jua la saa saba, hakuna hata mti. Tulitoa spea chini ya lori, tukaifunga kwa spana ileile, tukafika Mokowe kabla ya boti za jioni kuondoka.