Rangi ya injini kubambuka kama ngozi ya nyanya: maswali yenu na majibu

Tangu niseme kwamba tapeti kava ya gari yangu (kile kifuniko cha juu ya injini) niliipaka mwenyewe rangi ya injini, ile inayostahimili joto, kwa parking ya ploti, maswali hayajaisha. Nimeokota matano ya wiki hii.

Kaka, kwani siwezi kutumia tu rangi ya kawaida ya kupuliza, ile ya hadiwea? Ya joto ni ghali. (Msomaji, Donholm)

Unaweza, na siku ya kwanza itang'aa vizuri sana. Shida ni siku umekwama jam ya Jogoo Road saa kumi na moja jioni, maji ya injini yamefika digrii 90 na kitu, feni inalia, na chuma kiko moto kuliko hayo maji. Hapo rangi ya kawaida inalainika, inageuka manjano, inaanza kunuka. Ya injini inastahimili karibu digrii 260, na hiyo inatosha kabisa bloku (mwili wa injini), sampu (bakuli la oili la chini) na tapeti kava. Lakini usiipeleke kwa manifoldi ya ekzosi, yale mabomba ya kutolea moshi kwa injini, huko joto linaweza kupita 500, tafuta kopo la 650 kwenda juu. Ukifika Kirinyaga Road usiulize tu "rangi ya joto", shika kopo usome mwenyewe kabla hujatoa pesa, na uangalie kama ni Selsiasi ama Farenhaiti, juu makopo mengi ni ya Marekani na hiyo 500 yao ya Farenhaiti ni 260 zetu.

Nilipaka tapeti kava vizuri tu, baada ya wiki mbili ikaanza kubambuka vipande vipande. Niliuziwa feki? (Dada wa Kasarani)

Inaweza kuwa feki dada, lakini nikikuuliza uliosha na nini najua utaniambia mafuta taa. Hata mimi ndio nilitumia mara ya kwanza. Mafundi wa mtaa karibu wote wanaosha na mafuta taa ama dizeli, grisi inatoka kweli, lakini hayo yenyewe si ni mafuta pia, yanaacha utando mwembamba hauonekani na rangi inakaa juu ya huo utando badala ya kushika chuma. Yangu ilitoka kama ngozi ya nyanya iliyochemshwa, nilishika pembe moja nikavuta ikaja mzima mzima mpaka karibu na kifuniko cha oili. Nilicheka lakini iliniuma.

Sasa fanya hivi. Toa kava kwa gari, usijidanganye utaosha ikiwa hapo hapo. Mafuta taa tumia ya kwanza kulainisha ule uchafu mweusi, piga brashi ya waya, halafu osha na maji moto na sabuni ya unga, mara mbili, suuza mpaka maji yaishe povu (najua maji kwa ploti ni Jumatano na Jumamosi, jaza mtungi mapema). Ikikauka piga msasa, anza namba 240 umalize na 400 iliyo laini zaidi, usiipige ikawa kioo, rangi inataka mahali pa kushika. Halafu mwaga maji kidogo juu yake uangalie. Maji yakitandaa kama kitambaa uko sawa, yakijikusanya matone matone kama yale ya kwa boneti iliyopakwa waksi, mafuta bado yapo, rudia. Hiyo ndio siri yote, mimi huwa natumia siku nzima kuosha na nusu saa kupaka. Mwisho futa na tina (thinner, ile ya kuyeyusha rangi) kwa kitambaa cheupe mpaka kitambaa kibaki cheupe, vaa glavu, na usiguse tena na kidole, ngozi ya mkono pia ina mafuta.

Na kama kava ni ya alumini tafadhali usiguse kostiki soda, inakula alumini ukiangalia hivi. Tafuta praima ya alumini, ile rangi ya kwanza ya chini.

Mimi naishi flati, third floor. Naweza kuchoma rangi kwa oveni ya jikoni ndio ikomae? (Msomaji, Umoja)

Hapana mkuu. Ule moshi hutautaka mahali unapika chakula cha watoto, na oveni ikishatumika kwa rangi isirudi tena kwa chakula. Wacha joto la injini yenyewe liikomaze rangi. Ngoja rangi ikauke vizuri, rudisha kila kitu, washa iungurume dakika 10 bila kukanyaga mafuta, zima ipoe dakika 20, washa 20, zima ipoe, washa 30. Utaona moshi kidogo na harufu, usiogope, lakini fanya nje, si kwa gereji imefungwa, moshi wa ekzosi una gesi inayoua na haina harufu.

Na msimu wa baridi kama Julai, asubuhi rangi inatoka nzito. Weka kopo kwa beseni ya maji vuguvugu dakika chache, si karibu na jiko!, tikisa mpaka ile gololi ndani isikike ikizunguka vizuri, puliza ukiwa mbali kama sentimita 25. Tabaka nyembamba tatu, dakika 10 katikati. Ukiona imeanza kuchuruzika umeshachelewa.

Ni wapi sipaki kabisa? (Msomaji, Rongai)

Mahali gasketi inakaa (ile ya kuziba kiungo oili isivuje), matundu ya plagi na bolti, sensa, mikanda, na ule mshipi wa waya wa athi (earth, unaounganisha injini na bodi na betri), athi inataka chuma kitupu, ukiipaka gari inaweza kukataa kustati na utalaumu betri. Ndani ya kava pia usipake, ikibambuka inaenda kuziba njia ya oili. Na namba ya injini kwa bloku iache isomeke, iko kwa logbuku yako.

Nimeonyeshwa gari ya kununua, injini imepakwa inang'aa kama mpya. Hiyo ni nzuri, sivyo? (Mama wa Kahawa West)

Mama, mimi ningeogopa kidogo. Kuosha injini ni sawa, lakini rangi mpya juu ya gari ya miaka 15 inafunika alama za mafuta yanayovuja. Angalia paipu za mpira na waya, zikiwa na madoa ya rangi ile ile, mtu alipuliza haraka haraka bila kutoa kitu. Mwambie muuzaji mwende nayo Thika Road na kurudi, halafu piga tochi chini, pembeni mwa gasketi. Mafuta mapya yatakuwa yameshachora mstari wake juu ya hiyo rangi, na hapo bei mnaanza kuongea upya.