Mume wangu anataka tuuze ploti ya Kitengela anunue nyumba ya yuro 1 Italia

*Salamu nyingi, Shangazi. Mimi ni muuguzi, ninaishi Donholm na mume wangu na watoto wetu wawili. Tangu aachishwe kazi mwaka uliopita, mume wangu hukesha akitazama nyumba zinazouzwa yuro 1 katika miji midogo ya Sicilia, na nikimbana kuhusu Italia huhamia Japani. Sasa anataka tuuze ploti yetu ya Kitengela, tuliyoinunua pamoja kwa miaka sita ya kujinyima, ili akakarabati nyumba huko na kuikodisha kwa watalii. Nikimpinga huniambia sina maono. Mwezi jana nilichukua hatimiliki nikaificha kwa mama yangu, naye hajui. Je, nyumba hizo ni za kweli au ni utapeli? Na je, nimemkosea? – Mama Wawili*

Mwanangu Mama Wawili,

Nyumba hizo ni za kweli, na ni vyema ulijue hilo kabla ya kuzungumza na mumeo, kwa sababu ukimwambia ametapeliwa atakuonyesha ushahidi kwamba hukufanya utafiti, na mazungumzo yataishia hapo. Mussomeli na Sambuca di Sicilia ni miji iliyopo, yenye meya na halmashauri. Vijana wake walihamia Milan, Torino na Ujerumani kutafuta kazi, wazee wakafariki, nyumba zikabaki na kufuli zilizoshika kutu, na halmashauri zikaona heri kuziuza kwa bei ya jina tu kuliko kuzitazama zikiporomoka. Sambuca iliweka nyumba kadhaa mnadani mwaka 2019 kuanzia yuro 1, ikarudia mwaka 2021 kuanzia yuro 2, na mwaka 2024 kuanzia yuro 3. Mwombe mumeo alisome vizuri neno hilo «kuanzia», kwa sababu huo ni mnada, na nyumba inayotamaniwa na wengi hupanda hadi maelfu ya yuro.

Hata anayeipata kwa yuro 1, ambayo kwetu ni kama shilingi 150, huwa amenunua wajibu wa kuijenga upya nyumba iliyowashinda wenyewe. Katika mnada wa kwanza wa Sambuca, mnunuzi alitakiwa kuweka dhamana ya yuro 5,000, yaani kama shilingi 750,000 kwa kiwango hicho, na kukamilisha ukarabati katika miaka 3, la sivyo dhamana hiyo ingepotea. Kisha kuna notaio, ambaye ni mwanasheria wa lazima katika kila mauzo ya nyumba Italia, na malipo yake hayapungui kwa sababu nyumba ni ya bei rahisi. Kodi ya kusajili nyumba ambayo si makazi yako makuu ni asilimia 9 ya thamani inayotambuliwa na serikali, na hata hesabu ikitoa kiasi kidogo, hailipwi chini ya yuro 1,000. Tazama basi: kodi peke yake inaishinda bei ya nyumba mara elfu moja, na bado hakuna jiwe lililoinuliwa.

Jiwe lenyewe ndilo linalonitia hofu zaidi. Nyumba hizo ni za kale, zimebanana ukuta kwa ukuta katika vichochoro ambamo lori haliingii, na nyingi zina mapaa yaliyobonyea na kuta zilizonyonya maji kwa miongo. Kwa kuwa ziko katika kitovu cha kihistoria cha mji, mwenye nyumba hachagui tu dirisha au vigae apendavyo. Huchorewa ramani na mtaalamu aliyesajiliwa, kisha hungoja kibali. Sicilia ya magharibi ni nchi ya matetemeko, na lile la Januari 1968 katika bonde la Belice liliuangamiza mji wa Gibellina, kwa hiyo uimara wa kuta ni suala la uhai wa watakaolala humo. Mapaa yaliyowekwa kabla ya Italia kupiga marufuku asbesto mwaka 1992 huenda yakawa nayo, na kuiondoa ni kazi ya kampuni yenye leseni. Hakuna gharama hata moja kati ya hizi inayoonekana katika picha ya mlango wa buluu wenye maua.

Mimi nilijenga nyumba yetu ya mashambani nikiwa hapa Nairobi, nikituma pesa kwa simu, na fundi akinihakikishia kila wiki kwamba kazi inasonga. Kila nilipofika nilikuta mchanga umepungua na ukuta haujasogea, ingawa ni mwendo wa saa tatu tu na fundi tulizungumza lugha moja. Mumeo atasimamia mafundi wa Kiitaliano kwa viza. Kumiliki nyumba Italia hakumpi Mkenya ruhusa ya kuishi huko. Viza ya matembezi ya Schengen haizidishi siku 90 katika kila siku 180, nayo huombwa upya, hulipiwa upya, na huweza kukataliwa huku miaka yake 3 ikihesabika.

Tena kuna swali ambalo ningependa alipeleke kwa notaio kabla ya jingine lolote. Sheria ya Italia, inapomhusu mgeni asiye mkazi kutoka nje ya Ulaya, hutazama kama Mwitaliano naye angeruhusiwa kununua katika nchi ya mgeni huyo. Katiba yetu ya 2010 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi ila kwa kukodishwa kwa muda usiozidi miaka 99. Apate jibu la maandishi kuhusu jambo hilo kabla ya kukata tikiti.

Kuhusu watalii, aulize ni nani atakayewafungulia mlango, kufua mashuka na kuziba bomba likipasuka usiku wa Januari, katika mji ambao wenyeji wake wenye nguvu wamekwisha kuondoka. Nyumba ikikaa bila mgeni, kodi ya kila mwaka ya nyumba ya pili na ada ya taka hubaki zikidaiwa. Akitaka kuiuza, atashindana na halmashauri inayouza nyumba ya jirani kwa yuro 1. Japani haimwokoi na hesabu hii: hesabu ya serikali ya mwaka 2023 ilikuta huko nyumba tupu zipatazo milioni 9, zile zilizojengwa kabla ya Juni 1981 zilifuata kanuni za zamani za matetemeko, na huko pia nyumba haileti viza.

Sasa nije kwako. Ndiyo, mwanangu, kwa hatimiliki umemkosea, ingawa ninaielewa hofu iliyokusukuma. Hukuhitaji kuificha. Ploti mliyoichuma pamoja ndani ya ndoa ni mali ya ndoa, na Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 hairuhusu iuzwe bila ridhaa ya nyote wawili. Sahihi yako ndiyo ngao yako. Akigundua mwenyewe kwamba hati iko kwa mama mkwe, hataizungumzia tena Sicilia. Atazungumzia wizi, na mama yako ataingizwa katika ugomvi usio wake.

Wala usimwone kama mtu aliyepumbazwa. Mwanamume aliyezoea kuondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, kisha akabaki sebuleni akisikia wewe ukienda zamu, hutafuta kitu anachoweza kukishika kwa mikono na kukitengeneza. Sidhani anachokitaka ni Italia. Muulize, bila kumkatiza, angefanya nini siku ya kwanza akikabidhiwa ufunguo, na umsikilize mpaka amalize. Huenda atakachokueleza kinaweza kuanzia Kitengela, kwa vyumba viwili vya kupangisha ambavyo atavisimamia mwenyewe kila asubuhi.

Akishikilia Sicilia baada ya hapo, mwambie hutamzuia kwenda kuiona kama mgeni, kwa akiba yake na si kwa ploti, na kwamba huko amlipe mpimaji wa majengo asiyehusiana na muuzaji, ambaye Waitalia humwita geometra, amkadirie gharama yote kwa maandishi. Mkisoma makadirio hayo pamoja, mtakuwa mkibishana juu ya karatasi moja.

Jumamosi hii nenda kwa mama yako, uichukue hati. Mpe mumeo mkononi watoto wakiwa wamelala, umweleze ilikuwa wapi na kwa nini, uombe radhi kwa kuificha, kisha umwambie waziwazi kwamba huwezi kutia sahihi iuzwe.

Shangazi