Maswali na majibu: mabehewa membamba, taa nyekundu na mabasi yanayofuatana

Maswali ya safari hii yanahusu treni za chini ya ardhi na mabasi ya New York, pamoja na moja lililotoka karakana ya Dar es Salaam. Tumeyafupisha.

Nimehamia Bronx. Treni namba 6 ni nyembamba, lakini nikipanda A naona ni pana kabisa. Shirika si moja? Kwa nini wasinunue aina moja tu ya mabehewa?

Shirika ni moja leo, ila mahandaki yalijengwa kwa nyakati tofauti na kampuni tofauti. Njia ya kwanza, ya kampuni ya IRT, ilifunguliwa tarehe 27 Oktoba 1904, na vipimo vyake vilikuwa vidogo: behewa lina upana wa karibu mita 2.7 na urefu wa mita 15.6 hivi. Njia za BMT (kampuni nyingine) na IND (mfumo wa jiji lenyewe) zilizofuata zilichimbwa kwa behewa la upana wa mita 3.05. Jiji lilizinunua IRT na BMT mwaka 1940 na kuunganisha zote tatu, lakini kuunganisha mikataba hakupanui handaki. Kwa hiyo njia za namba (1 hadi 7) zimebaki na mabehewa membamba, na njia za herufi zina mapana.

Upana wa reli yenyewe ni uleule, milimita 1,435. Treni ya namba ingeweza kupita njia ya herufi, ila kwenye jukwaa ingeacha pengo la karibu sentimita 19 zaidi kila upande, na hapo lazima mtu aingize mguu. Treni ya herufi nayo ingekwaruza kuta za njia ya namba. Ndiyo maana treni za kazi, zile zinazobeba taka, mataruma na mafundi, hutengenezwa kwa vipimo vya njia nyembamba ili ziende kokote.

Kuna jambo la pili ambalo hukuuliza, nalo kwetu ndilo tamu zaidi. Katika miaka ya 1970 na 1980 jiji lilinunua mabehewa ya urefu wa mita 22.9 (aina za R44, R46, R68) badala ya yale ya mita 18.3. Mabehewa manane marefu yanajaza jukwaa sawa na kumi mafupi, na gharama ya magurudumu na mota hupungua. Ila kila behewa, refu kwa fupi, lina milango minne kila upande. Manane yanatoa milango 32, kumi yanatoa 40. Saa mbili asubuhi, milango minane iliyopungua inaonekana jukwaani. Tena behewa refu kwenye kona hutokeza tumbo upande wa ndani na ncha upande wa nje, hivyo haliruhusiwi kabisa kwenye J, L, M na Z. Manunuzi ya baadaye yakarudi kwenye mita 18.3, na R211 zilizoanza kubeba abiria Machi 2023 zimeongezwa upana wa mlango kutoka sentimita 127 hadi 147.

Kondakta hutoa mkono dirishani na kunyoosha kidole juu kila kituo. Anamsalimia nani?

Hamsalimii mtu. Huyu si konda wa daladala, hakusanyi nauli. Kazi yake ni milango na matangazo, na hukaa katikati ya treni. Mkabala na mahali anapotakiwa kusimama pameangikwa ubao wenye mistari myeusi na myeupe. Akiuona ubao mbele yake, treni nzima imeingia jukwaani. Akiuonyesha kwa kidole, anajilazimisha kuutazama kabla mkono haujagusa kitufe. Utaratibu huu wa mwaka 1996 una asili ya Japani. Asipoona ubao, hafungui, maana behewa la mwisho huenda bado liko handakini na abiria wa humo watashukia gizani.

Kwa nini treni hujikokota mahali ambapo mbele hakuna treni nyingine? Dereva ni mvivu?

La. Anaogopa mkono wa chuma.

Katika mfumo wa zamani, ambao bado uko kwenye njia nyingi, reli imekatwa vipande vinavyotenganishwa kwa viungo visivyopitisha umeme. Magurudumu yakiwa juu ya kipande, yanaunganisha reli mbili, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inaanguka, na taa ya nyuma inakuwa nyekundu. Pembeni ya taa hiyo mkono mfupi wa chuma husimama. Treni ikipita nyekundu, mkono hugonga vali iliyo chini ya behewa, upepo wa bomba la breki hutoka wote, na breki ya dharura inakamata. Hakuna kompyuta hapo, ndiyo maana umedumu miaka mia na zaidi.

Tatizo ni umbali. Tarehe 5 Juni 1995, treni ya J iliigonga kwa nyuma treni ya M iliyokuwa imesimama kwenye daraja la Williamsburg, na dereva wa J akafa. Mkono ulifanya kazi na breki zilikamata, ila nafasi kati ya taa ilikuwa imepangwa mwaka 1918 kwa treni fupi, nyepesi na za polepole zaidi. Baada ya hapo mota zilipunguzwa nguvu, na taa za muda zikaongezwa. Taa ya muda hubaki nyekundu mpaka treni itumie sekunde kadhaa kwenye kipande kilichotangulia. Ukija kwa kasi iliyoandikwa inafunguka mbele ya uso wako, ukizidisha unakutana na mkono.

Kinachowafanya madereva wajikokote kupita kiasi ni imani iliyopotea. Timu iliyoundwa mwaka 2018 kukagua kasi ilikuta baadhi ya taa hizo zimeharibika kipimo: kibao kinasema maili 20 kwa saa (kilomita 32), lakini taa inafunguka kwa mwendo mdogo zaidi. Dereva aliyewahi kukamatwa na breki kwa kosa lisilo lake hataamini kibao tena. Atapita kwa maili 15. Na breki ya dharura ikishakamata, treni husimama hadi ikaguliwe, huku zilizo nyuma zikipanga foleni. Kwenye L na 7 mambo ni tofauti: treni na mitambo ya njiani huwasiliana kwa redio, na umbali salama huhesabiwa upya muda wote.

R160, R211... ni miaka ya kutengenezwa?

Ni namba za mkataba wa ununuzi, wala si mwaka wala modeli ya kiwanda. Herufi ya mwisho hutofautisha matoleo: R211T ndizo zenye njia wazi kutoka behewa hadi behewa. Tahadhari na R188, nyingi ni R142A zilizobadilishwa mitambo ili zifae njia ya 7.

Nasubiri basi dakika 20, kisha yanakuja matatu kwa mpigo. Kule Dar kwenye mabasi ya mwendokasi tunalipa kabla ya kuingia kituoni. Ingesaidia?

Ingesaidia, na imesaidia. Fanya hesabu. Chukulia basi linapita kila dakika 8 na abiria wawili wanafika kituoni kila dakika. Basi la wakati hukuta watu 16. Likichelewa dakika 2 kwa taa za barabarani, linakuta 20. Kila mmoja akitumia sekunde 3 kulipa mlangoni, kituo hicho kimeongeza sekunde 12, na kinachofuata zaidi ya hizo, kwa sababu sasa limechelewa zaidi. Vituo kumi tu, ucheleweshaji umezidi maradufu. La nyuma yake linakuta watu wachache, linawahi, na hatimaye linaligusa la mbele. Hakuna dereva aliyekosea hapo.

Dawa ziko tatu. Ya kwanza ni kulishikilia basi la nyuma kwenye kituo kikubwa, jambo ambalo abiria waliomo hulichukia. Ya pili ni kuliacha lililo tupu lilipite lililojaa. Ya tatu, iliyo bora, ni kufuta zile sekunde 3. New York ilianza na ruti ya Bx12 mwaka 2008: abiria alilipa kwenye mashine ya kando ya barabara, akachukua risiti, akaingia mlango wowote. Mwendokasi, ulioanza Mei 2016, uliongeza jambo ambalo New York haina: jukwaa lililo sawa na sakafu ya basi. Ngazi moja ya sentimita 30 mbele ya mama mwenye mtoto mgongoni hula muda mwingi kuliko mashine ya tiketi.

Theluji ikianguka yale mabasi marefu yenye kiungo hupotea. Yanahofia nini?

Kujikunja. Basi la mita 18 lina injini nyuma kabisa, na ekseli ya tatu ndiyo inayosukuma. Mbele kukiwa na utelezi, mkia unaendelea kusukuma na basi hukunjika kwenye kiungo, kwenye ule mpira wenye mikunjo kama kodiani. Kuna vizuizi vya haidroliki vinavyokaza kiungo, ila haviongezi mshiko wa tairi. Depo hutoa ya mita 12 yaliyofungwa minyororo magurudumu ya nyuma.

Mimi ni fundi Dar es Salaam. Basi letu lina chujio la masizi na taa yake huwaka kila wiki. Ya New York yanakwenda polepole vilevile, wenzetu wanafanyaje?

Wanahangaika pia. Masizi huungua yenyewe moshi ukiwa na joto la nyuzi 250 hadi 400, na basi la kusimama kila mita 200 halifiki hapo kwa muda wa kutosha. Usianze kwa kufuta msimbo wa hitilafu kwenye kompyuta. Fuata hivi:

Egesha mahali pasipo nyasi wala watu, gia huru, breki ya mkono imevutwa, kisha anzisha usafishaji wa kusimama. Ekzosi hupita nyuzi 500, hivyo mtu asikae nyuma. Huchukua dakika 20 hadi saa nzima.

Taa ikirudi ndani ya siku chache, chujio si mgonjwa bali ni shahidi. Tafuta juu yake: sindano ya mafuta inayodondosha, mpira wa turbo unaovuja, vali ya EGR (ile inayorudisha moshi kwenye injini) iliyoganda, sili ya turbo inayopitisha oili. Na themostati! Ikikwama wazi, injini haipati joto, na watu hubadilisha chujio la mamilioni kwa kosa la kifaa cha bei ndogo. Angalia pia vijibomba vya kipima shinikizo, vikipasuka hudanganya.

Jivu la oili haliungui kwa namna yoyote. Lazima chujio litolewe, lipulizwe upepo na kuokwa kwenye tanuru. Tumia oili ya jivu kidogo, CJ-4 au CK-4. Dizeli yenye salfa nyingi pia hulichosha mapema: Marekani kikomo ni sehemu 15 kwa milioni, kiwango cha Afrika Mashariki cha mwaka 2015 kilikuwa 50.

Kama basi lina tangi la yurea, jaza ile ya asilimia 32.5 iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mbolea iliyokorogwa na maji ya bomba huua kichocheo, na hakifufuki.

Maji ya mvua yanayoingia mahandakini yanakwenda wapi?

Hata siku isiyo na tone la mvua, pampu hutoa takriban galoni milioni 13, karibu lita milioni 49, kwa sababu mahandaki mengi yako chini ya kiwango cha maji ya ardhini. Maji yasiyo na chumvi si adui mkubwa. Kimbunga Sandy cha Oktoba 2012 kilileta maji ya bahari, na hayo hata yakishapampwa yote huacha chumvi kwenye nyaya, rilei na viungo vya reli. Chumvi hupitisha umeme mahali usipotakiwa, kipande kisicho na treni kikaonekana kina treni, na taa ikabaki nyekundu. Handaki la Montague lilifungwa zaidi ya mwaka mmoja, kuanzia Agosti 2013. La Canarsie, la njia ya L, lilisubiri hadi Aprili 2019, likatengenezwa usiku na wikiendi treni zikiendelea kupita kwa uchache, kazi ikaisha Aprili 2020.