Gia zikigoma, usikimbilie kushusha giaboksi

Wewe unayeanza gereji hapa Mombasa, hukawii kuletewa pikapu kuukuu, Hilux au Isuzu, gia haziingii, na mwenyewe keshaambiwa kijiweni kuwa klachi imekwisha, giaboksi ishushwe. (Wanaosema hivyo hawajawahi kuibeba kifuani, ndiyo maana wanaona rahisi.) Pleti ya klachi iliyokwisha kwa kawaida huteleza: injini inanguruma, gari halina mbio. Gia zikigoma, rivasi ikisaga, maana yake klachi haiachii, yaani haitenganishi injini na giaboksi, na hapo anza na mafuta yanayosukuma klachi ukikanyaga pedali.

Fungua kopo la klachi. Yaliyomo ni mafuta ya breki, DOT 3 au DOT 4, na yakipungua sana jua yanavuja mahali. Kuongeza tu na kumrudishia mtu gari lake ni kumdanganya. Silinda ya juu, ile inayosukumwa na pedali, hupenda kuvujia ndani, kwenye kijiti cha pedali, kwa hiyo inua kapeti upapase ukuta ulio nyuma ya pedali. Ya chini, inayopokea mafuta hayo na kusukuma klachi, iko ubavuni mwa giaboksi; ifunue raba yake ya vumbi, na ukikuta majimaji, raba za ndani zimekufa.

Hujaona mvujo? Kanyaga pedali. Ikizama, halafu ikakaza ukiikanyaga harakaharaka, kuna hewa au silinda ya juu imechoka. Ikikaza kisha ikashuka polepole ukiwa umeishikilia, na nje hakuna tone, mafuta yanapita kando ya raba za silinda ya juu. Utatoa hewa mpaka magharibi na hutapona.

Kipimo ninachokitegemea kuliko vyote ni hiki. Zima injini, weka vigingi kwenye matairi, mwenzako akanyage pedali hadi mwisho, nawe utazame chini kijiti cha silinda ya chini kinachosukuma foki, yaani mkono wa kuachisha klachi. Pima kwa rula. Kwa pikapu nyingi za namna hii kisogee sentimita 1 na zaidi. Kikisogea kidogo tu, ugonjwa uko kwenye mafuta, giaboksi ibaki ilipo. Kikisogea vizuri na gia bado zinagoma, ndipo ushuku ndani: foki iliyopasuka, beringi, au pleti iliyogandia flaiwili (gurudumu zito la injini ambalo pleti hukaa juu yake) kwa kutu, jambo la kawaida kwa gari lililolala muda mrefu karibu na bahari.

Kutu hiyo inazila silinda pia. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na pwani unyevu tunao wa kugawa. Basi ukifungua silinda, pitisha kucha ndani. Ukihisi vijishimo, usinunue raba peke yake, zitachanika upesi. Mwambie mteja silinda nzima, hata akinuna. Usioshe raba kwa petroli wala dizeli, zitavimba. Tumia mafuta ya breki mapya, ya chupa uliyoifungua mwenyewe, na usiyamwage kwenye bodi kwa sababu yanakula rangi.

Kutoa hewa ni kazi ya watu wawili: mpira mwangavu kwenye nipo (skrubu ya kutolea hewa kwenye silinda ya chini), ncha yake ndani ya mafuta, mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine anafungua na kufunga kabla pedali haijaachiwa. Kopo lisikauke katikati, la sivyo mnaanza upya.

Ukifunga silinda mpya ya juu, iache pedali na mchezo wa milimita chache. Ukiukaza mno, tundu la kurudishia mafuta hubaki limezibwa, mafuta yakipata moto presha haina pa kutokea, na gari linaanza kuteleza kwenye foleni ya feri Likoni. Mteja atarudi akidai pleti mpya. Kabla ya kumjibu, legeza nipo kidogo: mafuta yakiruka na klachi ikashika, rekebisha kijiti cha pedali, na uangalie pia mpira wa mafuta, maana uliozeeka huziba kwa ndani na kuleta dalili hiyohiyo.